Halmashauri na UVIKO-19: yanayosemwa vijiweni na yaliyotokea

Kila kampeni ya chanjo ikitangazwa, hata iwe ya surua ya watoto, kijiweni hakosekani wa kusema: "Hawa ndio waliotulazimisha wakati wa korona." Ukimwuliza nani alimlazimisha, anataja halmashauri. Ukimwuliza kwa sheria ipi, anaagiza kahawa nyingine.

"Halmashauri ilitunga sheria ndogo ya kulazimisha chanjo"

Tanzania Bara chanjo ya UVIKO-19 ilikuwa hiari tangu siku ya kwanza. Dozi za mwanzo, 1,058,400 za Janssen, zilitua Dar es Salaam tarehe 24 Julai 2021. Siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani Ikulu. Kituoni mtu alipewa kwanza fomu ya ridhaa. Fomu hiyo nayo ilizua maneno: kama dawa ni salama, mbona nasainishwa? Lakini anayelazimishwa haombwi ridhaa.

Kilichowachanganya watu nadhani ni mambo mawili. La kwanza ni jirani. Tarehe 21 Novemba 2021 waziri wa afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia 21 Desemba asiyechanjwa hatapata huduma za serikali ana kwa ana. Mahakama Kuu ya Nairobi ikalisimamisha agizo hilo kabla halijaanza kutumika. Tangazo lilivuka mpaka kwa WhatsApp. Habari ya mahakama sidhani kama ilisambazwa kwa kasi ileile.

La pili ni vyeo vyetu. Mkuu wa wilaya si halmashauri, ni mteule wa Rais, mtu wa serikali kuu. Maagizo ya barakoa na ya daladala kubeba abiria waliokaa tu, "level seat", yalitoka kwa viongozi wa namna hiyo. Halmashauri ni baraza la madiwani, mkurugenzi na watumishi wake, akiwamo mganga mkuu wa halmashauri. Hao kazi yao ilikuwa kupeleka chanjo iwafikie watu.

Vipo vyeti vilivyodaiwa kweli. Saudi Arabia, kwa mfano, ilimtaka anayekwenda Hija 2022 awe amechanjwa. Diwani wako hakuhusika.

"Watu waligoma, chanjo ikaozea stoo"

Mwanzo ulikuwa mgumu, sikatai. Mwanzoni mwa 2022 waliokamilisha chanjo walikuwa wachache mno kwa kipimo chochote. Ila kufikia 2023 zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa wamekamilisha, bila polisi kumfuata mtu kwake.

Kilichobadilika ni mahali. Awali ulitakiwa uifuate chanjo kituoni, na vituo vilikuwa vichache, pengine nauli tu ya kufika ni pesa ya mboga ya siku mbili. Baadaye ukaja mpango ulioitwa shirikishi na harakishi, na chanjo ikaanza kuwafuata watu. Fikiria siku ya mnada: wauza mitumba, ng'ombe, nyama choma, na pembeni chini ya mwembe meza moja, muuguzi mmoja, kisanduku cha baridi na daftari. Mama anauza nyanya zake, anavuka hatua kumi, anachanjwa, anarudi kwenye nyanya. Waliomshawishi si mabango ya mjini. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayemjua kwa jina la mtoto wake, mwenyekiti wa kijiji, shehe, mchungaji. Janssen nayo ilikuwa dozi moja, hakuna kuambiwa "rudi baada ya wiki nne", na mtu wa shamba analipenda hilo.

Kuhusu uvumi kwamba chanjo inakutia sumaku begani au namba 666, sitapoteza wino.

"Shilingi trilioni 1.3 za UVIKO zilikuwa za kununulia chanjo"

Na wengine husema zilikuwa msaada. Zote mbili si kweli. Zilikuwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, dola milioni 567.25, ulioidhinishwa tarehe 7 Septemba 2021. Mwezi uliofuata Rais akazindua Dodoma mpango wa kuzitumia, wenye jina refu la Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19. Mtaani likafupishwa: pesa za UVIKO.

Sehemu kubwa ilikwenda afya, elimu na maji. Hapa ndipo halmashauri zilipotoka jasho hasa. Madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (shule ndogo zilizo chini ya shule mama, kwa watoto wanaokaa mbali nayo), kila moja shilingi milioni 20, na yawe tayari kabla ya kidato cha kwanza cha Januari 2022. Hakukuwa na muda wa wakandarasi wakubwa. Ikatumika "force account": kamati za shule zinanunua saruji na bati, fundi wa hapohapo anajenga, mtendaji wa kata anahesabu mifuko. Hata bei ya saruji ilikuwa gumzo miezi ile. Januari ilipofika, waliofaulu waliingia darasani kwa awamu moja, badala ya wengine kubaki nyumbani wakingoja chaguo la pili.

"Mikopo ya asilimia 10 ilikuwa pesa ya UVIKO"

Hapana. Hiyo hutoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilikuwapo kabla ya korona, ikasimamishwa 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejea 2024.

"Deni la madarasa tutatozwa hukuhuku kijijini"

Mkopo ule aliukopa Hazina na Hazina ndiye anayeulipa. Halmashauri ibane kwa jambo jingine: bati likivuja juu ya dawati la mwanao, mlango wa kugonga ni wa mkurugenzi, na diwani wako ana haki ya kuliuliza hilo kwenye kikao cha baraza.