Tangi la mseto: nani akae na nani, hasa tangi likipungua

Mseto wa jikoni ni mchele na choroko ndani ya sufuria moja, maji yaleyale, moto uleule. Tangi la mseto halina tofauti. Ni tangi la nyumbani lenye samaki wa mapambo wa aina kadhaa wanaokaa pamoja bila kulana, bila kusumbuana, na bila mmoja wao kuteseka kwa sababu maji yamewekwa kumfaa mwenzake. Hilo la mwisho ndilo husahaulika.

Dukani watu huuliza, "Huyu ni mkali?" Waanze kuuliza maji. Neon, yule mdogo mwenye mstari wa buluu unaong'aa, asili yake ni Amazon, kwenye maji laini yenye uchachu kidogo. Samaki wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji magumu yasiyo na uchachu, pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikikaribia 9. Waweke pamoja na hutaona ugomvi wowote. Utaona tu mmoja anapauka na kukataa chakula.

Baada ya maji, tazama mdomo. Samaki anayeweza kummeza mwenzake, siku moja atammeza, hata kama wamekua pamoja. Skalare, yule bapa mwenye mapezi marefu ambaye wengine humwita malaika, huuzwa akiwa saizi ya sarafu, kisha hufika sentimita 15. Siku moja unaamka, unahesabu neon, wamepungua wawili, na malaika hana haja ya kifungua kinywa.

Kisha kuna makazi. Tangi lina ghorofa, na mseto mzuri hugawa wapangaji. Tanganyika inatufundisha vizuri hapa, na ni ziwa letu, ingawa samaki wake wanajulikana zaidi kwa wafugaji wa Ujerumani kuliko kwetu (wenzetu huko hutaja samaki kwa jina la kijiji alikovuliwa, Ikola au Kasanga, kama sisi tunavyotaja mchele wa Kyela). Juu huogelea Cyprichromis kwa makundi. Kwenye mianya ya mawe hukaa Julidochromis. Chini mchangani yupo Neolamprologus multifasciatus, mwenye urefu wa sentimita 4 hivi, ambaye nyumba yake ni gamba tupu la konokono. Mkaribie kwa utulivu umwone akichimba: anajaza mchanga mdomoni, anautema pembeni, anarudi, mpaka gamba limezama na kubaki tundu tu. Ukiingiza mkono kusafisha kioo, kadudu hako kanakuja kukuuma kidole.

Sasa tuje kwenye kupunguza. Nilipohamia ghorofani, tangi langu la lita 400 halikwenda nami. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza kioo, mawe na mchanga, unapita nusu tani, na mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kuniangalia vibaya. Nikachukua la lita 100. Hesabu iliyonijia kwanza ilikuwa ya kitoto: tangi limekuwa robo, basi nibaki na robo ya kila aina.

Haiendi hivyo. Neon ni samaki wa kundi, kuanzia sita kwenda juu. Ukimbakiza na mwenzake mmoja atashinda nyuma ya filta. Mbuna, samaki wagomvi wa miambani wa Ziwa Nyasa, ndio kichekesho zaidi, kwa sababu wao ukiwapunguza ugomvi huongezeka. Wakiwa ishirini, dume mbabe hukimbiza huyu, akachoka, akamgeukia yule, na kipigo kinagawanyika. Wakibaki wanne kwenye tangi dogo, kipigo chote kinamwangukia mmoja asiye na pa kukimbilia.

Kwa hiyo ukipunguza tangi, punguza aina, wala usipunguze kundi. Mimi niliagana na Cyprichromis, maana wanahitaji urefu wa kuogelea, nikabaki na ukoo wa wale wa magamba ya konokono upande mmoja na jozi moja ya Julidochromis kwenye rundo la mawe upande wa pili. Kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa lita moja ya maji isikudanganye: samaki kumi wa sentimita 4 na mmoja wa sentimita 40 wana hesabu moja, lakini yule mmoja hata kugeuka hawezi.

Tangi dogo pia halisamehi. Samaki mmoja akifa bila kuonekana kwenye lita 400, amonia, sumu inayotoka kwenye mzoga, huenea mpaka isidhuru sana. Kwenye lita 60 inaweza kuua wengine kabla hujarudi kazini. Bakteria wanaoigeuza amonia wanaishi zaidi kwenye sponji ya filta kuliko kwenye maji, hivyo hamisha sponji ya zamani ikiwa mbichi. Ikiwa chafu, ikamulie kwenye ndoo ya maji ya tangi. Maji ya bomba yenye klorini yatawaua bakteria hao, na tangi jipya litahitaji wiki nne hadi sita kuwajenga upya.

Na waliozidi? Warudishe dukani au mpe mfugaji mwingine. Usiwamwage mtoni, hata kama unawaonea huruma. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria na watu miaka ya 1950, na aina nyingi za furu, ndugu wa hawa hawa tunaowafuga, hazikuonekana tena.