Je, wajua kwa nini picha nzuri ya kamera ya mkanda (filamu) hupigwa kabla mpigaji hajaiona?

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, boti za dagaa kutoka visiwani zikishafika, wachukuzi hushuka na magunia kichwani wakipita juu ya ubao mwembamba. Chini ya ubao mara nyingi huwa na dimbwi. Mmoja atalikanyaga, mwingine ataliruka. Anayeliruka hukaa hewani kwa muda usiofika hata nusu sekunde. Mpiga picha anayeutaka mruko huo, miguu yote miwili ikiwa juu, akingoja auone ndipo abonyeze, atapata picha ya mtu aliyekwisha kutua.

Sababu iko mwilini. Tangu jicho lione jambo hadi kidole kitii, hupita karibu robo sekunde. Mtu anayetembea kwa haraka huwa ameshasogea zaidi ya futi moja. Kamera nayo ina yake. Nyingi za mkanda zina kioo kilichoinama nyuma ya lenzi, kinachopeleka taswira hadi kwenye jicho lako. Ukibonyeza, kioo hicho hunyanyuka kuupisha mwanga ufike kwenye mkanda, na wakati huo huo dirisha unalochungulia huwa giza. Kwa hiyo, kama uliuona mruko wenyewe kupitia dirisha hilo, ujue mkanda haukuupata. Na kile mkanda ulichokipata, wewe hukukiona, wala hutakiona mpaka usafishwe.

Ndiyo maana wapiga picha wa mitaani hutegemea sana machale. Si uganga. Simama karibu na ubao ule, watazame wachukuzi kadhaa wakishuka, na kamera iwe chini. Utagundua kwamba atakayeruka hupunguza mwendo hatua mbili kabla, mkono mmoja unapanda kushika gunia, goti linakunjika. Atakayekanyaga habadilishi chochote. Ukishaizoea ishara ya goti, kidole kitabonyeza wakati mguu bado uko ubaoni, na ile robo sekunde itakufikisha pale mtu alipo hewani. (Watazame, lakini pia waonane na wewe. Msalimie msimamizi, sema umekuja kufanya nini. Watu wakishakuzoea huacha kukuangalia, na anayekataa kupigwa picha aheshimiwe.)

Machale hayafanyi kazi kama mikono bado inahangaika na mitambo. Hapa jua la Mwanza ni rafiki. Kanuni ya zamani inasema: jua likiwa kali, weka tundu la lenzi namba 16, na kasi ikaribiane na namba ya wepesi wa mkanda kwa mwanga (ISO), yaani sekunde 1/500 kwa mkanda wa ISO 400. Ukitumia lenzi ya milimita 35 na kuilenga mita 2.5, kila kitu kuanzia kama mita 1.3 mbele yako hadi mawe ya ng'ambo kitaonekana vizuri. Huna tena haja ya kugusa chochote isipokuwa kitufe. Jihadhari tu na mchana. Hapa jua hufika juu kabisa karibu saa saba, si saa sita, na gunia la kichwani huufunika uso wote kwa kivuli.

Kisha inakuja bahati, nayo haigawi kwa mpangilio. Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya reli ya Saint-Lazare jijini Paris, Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliingiza lenzi kwenye mwanya wa uzio wa mbao na kupiga picha ya mtu anayeruka maji yaliyotuama. Kisigino kinakaribia kuyagusa maji. Ukutani nyuma yake kuna tangazo lenye mcheza dansi naye akiruka. Tangazo lile hakulipanga yeye. Mwanya nao haukuitosha lenzi vizuri, hivyo ubao ukaingia kwenye picha upande wa kushoto, na ikabidi aukate. Huyu ni mtu aliyeshikilia maisha yake yote kwamba picha isikatwe, iachwe kama ilivyopigwa! Moja ya picha zake maarufu kuliko zote imekatwa.

Mimi nasimama upande wa kukata. Tarehe 5 Machi 1960 huko Havana, Kuba, mpiga picha Alberto Korda alikuwa kwenye maombolezo ya waliokufa katika mlipuko wa meli La Coubre. Mwanamapinduzi Che Guevara alijitokeza mbele ya jukwaa kwa sekunde chache tu. Korda akawahi kupiga mara mbili. Picha moja ilikuwa na kichwa cha mtu juu ya bega la Che. Nyingine ilikuwa na mtu upande mmoja na majani ya mnazi upande wa pili. Akaichagua hiyo yenye majani, akakata pande zote mbili, ukabaki uso unaoonekana leo kwenye fulana na bodaboda dunia nzima. Machale yalimpa uso. Bahati ikampa na vya ziada, ndipo mkasi ukahitajika.

Mkasi hauwezi yote, hata hivyo. Fremu ya mkanda wa kawaida ni milimita 24 kwa 36. Kuichapa kwa sentimita 20 kwa 30 ni kuikuza mara nane hivi. Ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, umebaki na robo ya eneo, na kwa karatasi ile ile utaikuza zaidi ya mara 16. Chembe za mkanda zitaonekana kama mchanga, na mtikisiko mdogo wa mkono utajitokeza. Mkasi unaondoa kilichozidi. Aliyetoka na ukungu haumsafishi.

Njia ya kujaribu ni rahisi. Kata vipande viwili vya manila kwa umbo la herufi L, vilaze juu ya picha uliyochapisha nzima, kisha visogeze taratibu. Boti ya kushoto itoke, irudi. Mchuuzi wa nyuma atoke. Ukiona mruko umepata nguvu, chora mistari kwenye karatasi hiyo, na negativu (mkanda wenyewe uliosafishwa) ibaki nzima kwenye bahasha yake.