Mteremko mkali zaidi si lazima uwe wa hatari zaidi

Wengi wanaopanda milima ya Alpi kwa skii (mbao za kutelezea thelujini) huamini kwamba mlima ukizidi kuwa wima, hatari ya maporomoko ya theluji nayo huzidi. Sivyo. Penye zaidi ya nyuzi 55 hivi, theluji humwagika kidogo kidogo inapoanguka, ikakosa nafasi ya kujijenga. Mabamba makubwa, yaani matabaka ya theluji iliyoshikamana, hukatika hasa kati ya nyuzi 30 na 45, mara nyingi karibu na 38: mteremko unaopendeza kuteleza, basi!

Macho hudanganya, kwa hiyo pima. Laza fimbo ya skii juu ya theluji, ielekee moja kwa moja chini, kisha weka simu yenye programu ya kupima mwinamo, au klinomita (kipima mwinamo), juu yake. Simu ikiwekwa kwenye theluji tupu husoma kibonde kidogo, si mteremko.

Bila kifaa, chukua fimbo mbili za sm 120. Moja isimamishe wima. Nyingine ilaze mlalo kabisa, kama uso wa maji yaliyotulia, ncha ikigusa theluji upande wa juu na mpini ukigusa ile ya wima. Zikikutana sm 69 juu ya theluji, hizo ni nyuzi 30. Kosa la sm 5 hapo ni karibu nyuzi 2.

Na usipime ulipokanyaga tu. Ukiwa kwenye nyuzi 20 chini ya ukuta wa nyuzi 38, uzito wako unaweza kulikata bamba la juu, likakushukia. Ramani yenye kontua (mistari ya mwinuko) za kila mita 20 nayo huficha vipande vifupi vikali.