Picha dhahania ni nini, na fokasi inaingiaje hapo?

Ukimwonyesha mtu picha dhahania mara nyingi swali la kwanza ni "sasa hii ni nini?" na la pili ni "mbona haijatulia, mkono ulitikisika?" Hayo maswali yote mawili ni ya haki kabisa, ila yanachanganya vitu viwili ambavyo kila kimoja kina mambo yake. Kuna udhahania wenyewe, afu kuna fokasi, yaani kipi kwenye picha kinatoka kikali na kipi kinabaki na ukungu. Picha inaweza kuwa kali kila kona na bado ikawa dhahania, na inaweza kuwa na ukungu mwanzo mwisho ikawa ni picha mbovu tu basi.

Maana yake kwa kifupi: picha dhahania ni ile ambayo kinachokushika kwanza ni umbo, mstari, rangi au kivuli, kabla hujajua ni kitu gani kilichopigwa, na wakati mwingine hujui kabisa na wala hujali. Mchoraji anaweza kuamka asubuhi akabuni kitu kichwani, ila mwenye kamera hana huo uhuru, lazima kitu kiwepo mbele ya lenzi. Kwa hiyo kazi ya mpiga picha hapa ni kupunguza. Unaondoa vile vidokezo vinavyomwambia mtu hiki ni kiti, hiki ni kikombe, hii ni saa ngapi na ni wapi, hadi linabaki umbo peke yake.

Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni Paul Strand, mpiga picha Mmarekani, mwaka 1916. Alikuwa sehemu inaitwa Twin Lakes huko Connecticut, na alichopiga ni mabakuli. Mabakuli ya kawaida tu ya nyumbani. Akapiga pia vivuli vya kibaraza cha nyumba vilivyoanguka juu ya meza. Alisogea karibu sana, akakata kingo za vitu zisionekane zote, akaacha mwanga na kivuli vifanye kazi, na ukiangalia zile picha leo unaona mikunjo na pembe kwanza, bakuli linakuja baadaye. Mwaka mmoja baadaye, 1917, mpiga picha mwingine, Alvin Langdon Coburn, akiwa London alitengeneza picha zake dhahania kwa kupiga kupitia vioo vitatu vya kujitazamia vilivyofungwa kama pembetatu, kila kitu kikawa kimevunjika vipande vipande. Zinavutia, sikatai, ila mimi naona za Strand ndo ngumu zaidi maana hakuwa na kifaa cha kujifichia. Ni jicho na mabakuli tu.

Baadaye miaka ya 1940 akaja mpiga picha Aaron Siskind na kuta, yaani rangi iliyobanduka, mabango yaliyochanika, vyote kwa fokasi kali kabisa. Kwa sisi hii ndo njia rahisi ya kuanzia kwa sababu kuta za namna hiyo zimejaa kila mtaa, tangazo la mganga limebandikwa juu ya bango la kampeni ambalo liko juu ya tangazo la muziki la mwaka juzi, mvua imepita, mtu amechana nusu. Sogea hadi herufi zisisomeke. Herufi moja nzima ikibaki jicho la mtu linakimbilia kusoma, na akishaanza kusoma udhahania umekwisha.

Haya, sasa fokasi. Lenzi inakusanya mwanga unaotoka kwenye nukta iliyoko umbali fulani na kuurudisha uwe nukta kwenye sensa, ile sehemu ya ndani ya kamera inayopokea mwanga. Umbali mmoja tu. Nukta zilizo mbele au nyuma ya hapo zinafika kwenye sensa zikiwa viduara, na viduara vikipandana ndo huo ukungu tunaouona. Ndo maana taa za magari usiku zikiwa nje ya fokasi zinageuka duara kubwa za rangi. Ukubwa wa hivyo viduara unategemea sana upana wa tundu la lenzi, na hapa ndo simu inapokwama. Ile namba ya f inamaanisha urefu wa fokasi wa lenzi ugawanywe kwa namba hiyo upate upana wa tundu, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu la upana wa milimita 28 hivi. Simu nayo inaandikwa f/1.8 lakini lenzi yake yenyewe ina milimita chache tu, tuseme 6, kwa hiyo tundu ni milimita 3 na kidogo. Namba ni ileile ila tundu ni tofauti kabisa, na ndo sababu ukipiga mandhari na simu kila kitu kinatoka kikali hadi mlima wa nyuma.

Watu wanakimbilia ile modi ya potreti, ambayo ilisambaa sana tangu iPhone 7 Plus ya 2016. Ile si ukungu wa lenzi, ni programu inakisia nani yuko mbele afu inapaka ukungu nyuma, na ndo maana huwa inakula nywele, hereni na ncha za masikio. Kwa udhahania haikusaidii sana, tena inaenda kinyume, kwa sababu kazi yake ni kumtenga mtu aonekane vizuri zaidi, na sisi hapa tunataka kitu kisijitangaze.

Dawa ipo na ni ya bure. Weka kiganja sentimita 10 hivi mbele ya kamera, bonyeza kwenye skrini pale kiganja kilipo na ushikilie hadi simu ifunge fokasi, afu toa mkono. Simu bado inaamini kuna kitu karibu, kwa hiyo chumba chote, dirisha, mtaa, vinabaki kwenye ukungu wa kweli. Uta Barth, Mjerumani anayefanya kazi Los Angeles, miaka ya 1990 alitengeneza mfululizo mzima kwa wazo linalofanana na hilo, kamera imefokasi mahali ambapo mtu angesimama ila mtu hayupo, unabaki na ukuta na mwanga wa nyuma. Na Mjapani Hiroshi Sugimoto kuanzia 1997 alipiga majengo maarufu kwa kuisukuma fokasi kupita hata ule umbali wa mwisho wa lenzi, kupima ni jengo gani umbo lake linabaki likijulikana hata likiyeyuka. Mnara wa Eiffel unajulikana vizuri tu.

Ukifanya hivyo angalia mwanga na rangi, maana ndo vitu pekee ulivyobakiwa navyo. Chumba chenye mwanga bapa kinakuwa uji. Lakini dirisha la nondo lenye jua nyuma, au soko la jioni lenye taa za rangi tofauti, pale ukungu unakupa kitu.

Kuna ukungu mwingine ambao si wa fokasi kabisa, ule wa mwendo. Shata, yaani mlango unaoruhusu mwanga kuingia, inakaa wazi muda mrefu, labda robo ya sekunde, na kitu kinapita au wewe unaisogeza kamera makusudi. Mpiga picha Ernst Haas alipiga fahali wa Hispania namna hiyo miaka ya 1950, ikabaki michirizi ya rangi na nguvu ya mnyama. Kwenye simu mchana ni shida kwa sababu kwenye simu nyingi tundu halibadiliki na mwanga ni mwingi, picha itaungua iwe nyeupe tupu, kwa hiyo subiri jioni na utumie modi ya pro kama ipo, ile inayokuachia uchague mwenyewe muda wa shata.

Utajuaje imefanikiwa? Mimi naigeuza kichwa chini. Kama bado mistari na uzito vinakaa vizuri, ipo picha pale, kama imekuwa fujo basi ni fujo tangu mwanzo. Na ikihitaji maelezo marefu chini yake ili watu waielewe, hiyo futa tu bila huruma.

Jambo moja la kuangalia ni kanga. Watu wanapenda kuipiga ikiwa imetandazwa, maua makubwa, nukta, pindo lote, wanasema hii dhahania. Kwa kweli ile kazi ameshaifanya aliyechora kanga, wewe umeinakili tu. Iache kwenye kamba ipigwe na upepo, shata iwe ya polepole, au ipige kwa nyuma jua likipenya ukiwa umefunga fokasi karibu, jina lisisomeke. Hapo unayeamua kinachoonekana ni wewe.