Kilo 6 za mtoto aliyekonda: kwa nini dawa humkaa tofauti

Mizani ikisoma kilo 6, yaweza kuwa ni mtoto wa miezi 4 mwenye afya au wa mwaka 1 na nusu mwenye utapiamlo mkali. Dozi ya antibiotiki huhesabiwa kwa uzito, lakini miili hiyo miwili haipokei dawa kwa namna moja.

Aliyekonda amepoteza mafuta na misuli, hivyo sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Mwenye kwashakoo, utapiamlo unaovimbisha mwili, ana maji zaidi. Gentamaisini, antibiotiki ya sindano, husambaa kwenye maji ya mwili. Sindano ileile, basi, hutawanyika zaidi na kiwango chake kwenye damu hakipandi sana. Figo nazo zimedhoofu, huitoa polepole. Hapo ndipo penye mtego: ukipunguza dozi kwa kumwonea mtoto huruma, bakteria hawafi, ukirudia mapema, dawa hujilimbikiza na kuharibu masikio na figo. Ndiyo maana hutolewa mara 1 tu kwa siku, miligramu 7.5 kwa kila kilo. Kwa kilo 6 ni miligramu 45. Ampuli, kichupa cha dawa ya sindano, ya miligramu 80 katika mililita 2 ina miligramu 40 kwa kila mililita, kwa hiyo vuta mililita 1.1, kwa bomba la sindano la mililita 2. La mililita 5 halina mistari midogo ya kutosha. Tumia uzito wa leo, si ulioandikwa kwenye kadi mwezi uliopita. Kama mtoto hakojoi, sindano ya pili isubiri hadi akojoe. Muulize mama kabla ya kuvunja ampuli.

Ini nalo huchelewa: kloramfenikoli, antibiotiki inayotegemea ini ili itolewe, hukaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida. Seftriaksoni, antibiotiki nyingine, hushikamana na albumini, protini ya damu. Albumini ikipungua, sehemu iliyo huru huongezeka, na hiyo ndiyo inayoua bakteria na ndiyo inayochujwa na figo.

Usingoje homa. Mwili uliochoka mara nyingi hushindwa kupandisha joto hata maambukizi yakiwa makali, kwa hiyo kila anayelazwa kwa utapiamlo mkali huanzishiwa antibiotiki.

Asiye na matatizo mengine hutibiwa nyumbani kwa antibiotiki ya amoksilini pamoja na chakula dawa, yaani chakula maalumu cha kutibu utapiamlo. Kwa kilo 6, kidonge 1 cha kuyeyuka cha miligramu 250 asubuhi na 1 jioni, kikoroge kwenye maji safi kidogo, anywe yote. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Akianza kucheza siku ya tatu, vidonge vilivyobaki ni vyake bado, si akiba ya mdogo wake.