Je, wajua kwa nini visiwa vidogo ndivyo vimejaa maficho ya ushuru, na inamhusu vipi mtu wa Nairobi?

Watu wengi wakisikia maficho ya ushuru, yaani mahali ambako kampuni au tajiri anaandikisha faida yake ili asitozwe ushuru kwao, wanawaza kisiwa fulani cha matapeli waliokaa ufuoni wakihesabu pesa za wenyewe. Mambo si hivyo, na ni muhimu tuyaelewe vizuri hapa Nairobi, manake huku ukiajiriwa PAYE, ushuru wa mshahara, inakatwa kabla mshahara haujaguza akaunti yako, ukiwa na kaduka soko la Gikomba KRA, mamlaka ya ushuru, wanataka risiti za kielektroniki za eTIMS, halafu kuna kampuni inauza bidhaa hapa hapa mwaka mzima na ukifika wakati wa kuhesabu faida, faida inapatikana kisiwani.

Sasa kwa nini kisiwani? Chukua Nauru. Ni kisiwa kidogo sana huko Pasifiki, wakaaji wake ni kama elfu 10 na kitu, na kwa miaka mingi kiliishi kwa kuchimba fosfeti ya kutengeneza mbolea. Miaka ya sabini walikuwa kati ya watu matajiri zaidi duniani ukigawa pato kwa kichwa. Halafu fosfeti ikaanza kuisha, na katikati ya kisiwa kumechimbwa kukabaki mawe matupu, hapalimiki. Hebu fikiria wewe ndio serikali ya hapo, huna shamba, huna viwanda, masoko yako mbali, utauza nini? Kitu pekee ulichobaki nacho ni kwamba wewe ni nchi, na nchi inaweza kutunga sheria na kutoa leseni. Basi Nauru ikauza leseni za benki, mpaka kufikia miaka ya tisini benki kama 400 zilikuwa zimesajiliwa huko, na zote zilikuwa na anwani moja tu, sanduku la posta la serikali. Hakuna tawi, hakuna keshia, hakuna foleni.

Hesabu yenyewe ni rahisi ukiikalia. Kenya inatoza kampuni asilimia 30 ya faida, ikishusha hiyo iwe sufuri bajeti inaanguka siku hiyo hiyo. Lakini nchi ya watu elfu 30 hivi kama British Virgin Islands, iliyo chini ya Uingereza huko Karibea, haina kampuni kubwa za kutoza tangu hapo, kwa hivyo ikisema ushuru ni sufuri haipotezi chochote, inatoza tu ada ndogo ya usajili kila mwaka. Ada ndogo mara kampuni laki kadhaa ni pesa nyingi sana kwa kisiwa, zaidi ya nusu ya mapato ya serikali yao inatoka kwa hiyo biashara ya fedha. Ndio inalipa walimu na manesi. Nasema hivi sio kuwatetea, ni kwa sababu ukitaka mtu aache kitu kinachomlisha lazima kwanza ujue kinamlisha kiasi gani.

Na wateja ni akina nani, na nani aliwafundisha? Hapa ndipo watu hawapendi kuangalia. Sheria ya British Virgin Islands ya 1984 ya kusajili kampuni za nje iliandikwa na mawakili wa pale wakishirikiana na wakili wa New York. Vanuatu, visiwa vingine vya Pasifiki, ilipangiwa sheria zake za maficho na Waingereza mwaka 1971, kabla hata ya uhuru. Cayman, huko Karibea, mpaka leo iko chini ya bendera ya Uingereza, na huko kuna jengo moja la kawaida tu linaitwa Ugland House ambalo wakaguzi wa serikali ya Marekani walipolichunguza mwaka 2008 walikuta kampuni 18,857 zimeandikishwa hapo. Kisiwa kinatoa sheria na anwani, lakini kazi yenyewe, mawakili, wahasibu na mabenki, mingi inafanyika London na New York, na pesa zikishapita kisiwani mara nyingi zinarudi huko huko kununua majumba na hisa.

Ndio maana wakubwa walipoamua kupambana na maficho, wadogo walikasirika. OECD, ile jumuiya ya nchi tajiri, ilitoa ripoti 1998 halafu mwaka 2000 ikatoa orodha ya maeneo 35 yanayoshukiwa, karibu yote madogo. Uswisi na Luxembourg hazikuwa humo, zenyewe ni wanachama wa OECD na zilikataa kuunga mkono ile ripoti! Mauritius, Cayman na Bermuda ziliwahi kuahidi kushirikiana kabla orodha haijatoka ndio zikaepuka kutajwa. Nauru ikagoma, lakini mwisho wa 2002 Hazina ya Marekani ikaitangaza kuwa hatari kwa utakatishaji wa pesa, na hapo ndipo uone silaha yenyewe ilipo, si jeshi wala meli, ni benki za New York kukataa kupitisha dola zako. Nchi inayoagiza chakula karibu chote kutoka nje haiwezi kukaa bila hizo benki.

Ushirikiano wa maana ulikuja baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008. Mwaka uliofuata lile jukwaa la kimataifa la uwazi wa ushuru likafunguliwa upya, wanachama wote wakaambiwa wako sawa, wakubwa kwa wadogo, na leo wamepita 160, Kenya ikiwemo. Zamani KRA ikishuku mtu ilibidi ijue jina lake, ijue nchi, iandike barua, ingoje, na utajuaje jina la mtu aliyejificha ili asijulikane jina? Tangu 2017 nchi zilianza kutumiana data za akaunti zenyewe kila mwaka bila kuombwa, Kenya ikaiweka kwenye sheria zake mwaka 2021. Hii naiona ni hatua kubwa kweli. Shida ni kwamba Marekani haikuingia kwenye mfumo huo, ina wake ambao unachukua habari nyingi kuliko unazotoa, na mwaka 2022 watafiti wa Tax Justice Network, shirika linalopigania haki katika ushuru, waliiweka nambari moja duniani kwa usiri wa fedha, mbele ya visiwa vyote.

Kwetu jirani anayetuhusu zaidi ni Mauritius. Kwa miaka mingi kampuni ya kimataifa iliyosajiliwa huko ilitozwa asilimia 15 kwenye karatasi, lakini baada ya punguzo inabaki kama asilimia 3. Mwaka 2012 Kenya ilisaini nayo mkataba wa kuepuka kutoza ushuru mara mbili, ambao ungepunguza makato ya pesa zinazotoka hapa kwenda kule. Shirika la Tax Justice Network Africa, lenye ofisi hapa Nairobi, likaenda kortini 2014, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikaufuta kwa sababu haukupelekwa bungeni inavyotakiwa. Bunge ndio lilirukwa! Mwezi uliofuata serikali ikasaini mwingine.

Oktoba 2021 nchi 136 zilikubaliana kampuni kubwa zilipe angalau asilimia 15, Kenya ikakataa, wakati huo ikiwa na ushuru wake wa huduma za kidijitali ambao mkataba ungetaka uondolewe. Kisha nchi za Afrika zikiongozwa na Nigeria zikasukuma mambo yatoke OECD yaende Umoja wa Mataifa ambako kila nchi ina kura moja. Novemba 2023 zilipata kura 125 dhidi ya 48 za kuanza mazungumzo ya mkataba wa ushuru huko, na waliopinga ni akina Marekani, Uingereza na nchi za Ulaya. Marekani ilitoka kwenye mazungumzo Februari 2025, wengine wakaendelea, na Novemba mwaka huo kikao kikafanyika hapa Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa. Mimi naunga mkono hilo kabisa, ila Kenya nayo iwe makini, manake tangu 2017 tuna sheria ya kituo cha kimataifa cha fedha hapa Nairobi, na kikianza kutoa vinono kwa mashirika ya nje gizani tutakuwa tunadai uwazi Gigiri na kuuza usiri mjini. Rasimu ya mkataba inatakiwa iwe tayari 2027, na zamu hii ukija Kenya lazima upite bungeni mapema, na wananchi wausome kabla saini haijawekwa.