Umbo lenye upande mmoja: maana yake na mifano inayoshikika mkononi

Umbo lenye upande mmoja ni uso usio na mbele wala nyuma: ukianza kuupaka rangi mahali popote na kuendelea bila kuvuka ukingo, utaumaliza wote. Kauli hiyo inaonekana kama fumbo, kwa kuwa kila kitu bapa tunachokijua, kuanzia karatasi hadi kitenge, kina pande mbili. Hata hivyo, huenda mafundi cherehani wengi wa Kampala wamewahi kulitengeneza umbo hilo kwa bahati mbaya. Fundi anapounga ncha mbili za lastiki ya kiunoni, ncha moja ikipinduka kabla ya sindano kushuka, duara linalopatikana halilali vizuri ndani ya sketi, na hata akiligeuza vipi, msokoto ule hautoki. Yeye hulifumua na kuanza upya, lakini mwanahisabati huutunza msokoto huo na kuuliza unamaanisha nini.

Jina lake la kawaida ni mkanda wa Möbius. Kata ukanda wa karatasi wenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 6. Karatasi ya mfuko wa saruji inafaa kuliko ya daftari, kwa kuwa haichaniki upesi. Pindua ncha moja nusu mzunguko, kisha uigundishe kwenye ncha nyingine. Sasa weka kalamu katikati ya upana na uchore mstari kuuzunguka mkanda. Baada ya sentimita 60 kalamu itafika pale ulipoanzia, ila nyuma ya karatasi. Baada ya sentimita 120 itakutana na mwanzo wa mstari wake, na hutapata upande wowote uliobaki bila alama. Pitisha kidole ukingoni nako utagundua kwamba ukingo pia ni mmoja tu.

Ukiukata mkanda kwa mkasi kufuata mstari wa katikati, hupati vipande viwili. Hupata kimoja chembamba, chenye urefu mara mbili, kilichosokotwa nusu mizunguko minne, na hicho kina pande mbili kama mkanda wa kawaida. Sababu iko ukingoni: mkanda ulikuwa na ukingo mmoja mrefu, mkasi umeongeza wa pili unaokwenda sambamba nao, na kipande kilichozaliwa ndicho kilicho kati ya kingo hizo mbili. Ukichukua mkanda mwingine na kuukata kwa umbali wa thuluthi moja ya upana kutoka ukingoni, mkasi utazunguka mara mbili kabla ya kurudi ulikoanzia, na mkononi itabaki mikanda miwili iliyoshikana kama pete za mnyororo, mmoja wa sentimita 60 ambao bado una upande mmoja na mwingine wa sentimita 120 wenye pande mbili. Naamini jambo hili linafaa kufanywa kwa mikono kabla ya kuelezwa darasani, kwa maana anayeelezwa kwanza hunyimwa mshangao wake.

Wajerumani wawili walilifikia umbo hili mwaka 1858, kila mmoja kwa njia yake: August Ferdinand Möbius, mwanafalaki wa Leipzig, na Johann Benedict Listing. Listing, ambaye pia ndiye aliyelipa jina tawi la topolojia, yaani hisabati ya sifa za maumbo zisizobadilika yanaponyumbuliwa, alichapisha mapema zaidi, mwaka 1861, ilhali maelezo ya Möbius yalitoka mwaka 1865. Ni haki kumkumbuka Listing, ingawa jina limekwisha kwenda kwa mwenzake.

Msomaji makini atauliza: nikiutoboa mkanda huu kwa pini, si pini inaingilia huku na kutokea kule? Naam, na hapo ndipo penye kiini cha dhana. Kila kipande kidogo cha mkanda kina pande mbili, na kwa kukitazama peke yake huwezi kugundua lolote la ajabu. Upande mmoja ni sifa ya umbo zima, na hujulikana kwa kusafiri tu. Aidha, uso wa kihisabati hauna unene, kwa hiyo mfano wa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, inayopitisha mwanga unaukaribia kuliko karatasi. Chora juu yake kiganja cha mkono wa kulia, kisha kisogeze mchoro kwa mchoro hadi kiuzunguke mkanda mara moja: kitarudi kikiwa kiganja cha kushoto.

Karatasi ina mpaka mwingine, nao ulithibitishwa hivi karibuni tu. Kwa kuwa karatasi hainyumbuki, ukanda mfupi mno hauwezi kuungwa namna hii bila kuvunjwa mikunjo mikali. Mwaka 2023 Richard Schwartz wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alithibitisha dhana iliyosubiri tangu mwaka 1977, kwamba urefu lazima uzidi upana mara 1.73 hivi, yaani kipeuo cha pili cha 3. Kwa upana wetu wa sentimita 6, urefu lazima upite kidogo sentimita 10.39.

Mwaka 1882 mwanahisabati Felix Klein alieleza uso wenye upande mmoja usio na ukingo wowote, unaoitwa chupa ya Klein. Shingo ya chupa hiyo hupinda, hupenya ubavuni, na kuungana na kitako kwa ndani. Mafundi wa kioo huitengeneza, na Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London lina mfululizo wa chupa za namna hiyo zilizopulizwa na Alan Bennett mwaka 1995. Kioo hicho, hata hivyo, kinasema kweli nusu. Uso uliofungika bila kujipenya katika nafasi yetu, kama mpira, daima hutenga ndani na nje, na palipo na ndani na nje pana pande mbili. Ndiyo maana chupa ya Klein hailazimiki kuwa na tundu lile ubavuni ila katika nafasi yenye vipimo vitatu, yaani urefu, upana na kimo. Ikipewa kipimo cha nne, shingo hupita bila kugusa, kama gari linavyopita kwenye daraja la juu pale Clock Tower, Kampala, wakati ramani bapa ingechora barabara hizo zikikatana.

Tumrudie fundi cherehani. Tumpe mikanda miwili ya Möbius ya kitambaa yenye kingo za urefu sawa, tumwombe aishone ukingo kwa ukingo pande zote: anachoombwa kushona ni chupa ya Klein, na kabla hajamaliza, kitambaa kitajizuia chenyewe mpaka akikate na kukipenyeza.